Kamera Zilizopimwa Kwaresima

Nilipokwenda Mang'ula mwezi uliopita kumwona Dada Benedikta, tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi kiasi kwamba njiani nilikuwa nikipanga namna ya kujitambulisha. Sikuhitaji. Alikuwa amekaa kibarazani kwa binti yake, miguu ameinyoosha juani, macho yameingia ukungu wa uzee, na kabla sijamaliza kumpa shikamoo aligeuza shingo kufuata sauti yangu akauliza, "Hilaria, bado unapima?" Hakuuliza habari za nyumbani wala nimekuja na nani. Nikamwambia bado napima. Nikamweleza kwamba siku hizi kuna vijana wa Dar es Salaam na Morogoro waliochoshwa na picha za simu, wananunua kamera za zamani za filamu, wengine wanazikuta kwenye masanduku ya babu zao, kisha wananitumia kwa basi hadi Ifakara niwaangalizie kama bado zinasema ukweli. Nazipima sebuleni kwangu, juu ya meza ya chakula, kwa simu ya mwanangu inayorekodi vitu vya haraka na kuvionyesha polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akabetua midomo. "Simu," alisema. "Yaani unapima kamera kimyakimya, kama mtu anayeiba!" Nikacheka, kwa sababu mtu aliyewahi kuumizwa na ukimya katika kazi hiyo ni yeye mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Mtu aliyezaliwa na simu mkononi itabidi aelezwe kidogo. Ndani ya kamera ya filamu kuna kipazia cheusi, sisi tulikiita shata, kinachofunguka na kujifunga ili mwanga uingie kwa muda ule tu ulioutaka. Ukizungusha kitufe hadi kwenye thelathini, unaomba sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kamera haikuulizi mara mbili. Lakini springi huchoka, grisi hukauka, na vumbi la pumba za mpunga, ambalo kwetu Ifakara huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa, huingia na humo pia. Basi unaomba thelathini, unapewa ishirini, na kitufe kinaendelea kukuonyesha thelathini bila aibu. Utajua siku ya kusafisha picha, utakapokuta bibi harusi ana pua mbili.

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mmoja nilipanga chumba kwa Dada Benedikta, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Alikuwa amenizidi umri wa kutosha kuitwa dada kwa heshima, mjane mwenye binti mdogo, na ndiye mpiga picha wa kwanza mwanamke niliyemwona na macho yangu. Sebule ndiyo ilikuwa studio: pazia la buluu ukutani, stuli moja, maua ya plastiki ambayo kila Ijumaa yaliogeshwa kwa sabuni. Nyumba haikuwa na dari, na kuta ziliishia juu kidogo ya kichwa, hivyo neno lililosemwa chumba kimoja lilikuwa mali ya nyumba nzima. Jioni nilimsikia akisali rozari kwa sauti, na katikati ya Salamu Maria akichomeka mambo yake: "...na yule wa Mang'ula arudishe lenzi yangu, Mama, umguse moyo." Kesho yake nilimwona akichungulia njiani kama lenzi inakuja. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Alijisifu mbele ya wateja, alijisifu mbele ya paroko, alijisifu hata peke yake akiwa anaosha vyombo, na kilichoniudhi mwanzoni ni kwamba kila alichojisifia kilikuwa kweli.

Mimi nilikuwa na kamera moja, ya Kijapani, mkanda wake umeungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Nilikuwa pia na sharti la baba. Baba alikuwa Malinyi, mtu wa maneno machache, na aliniruhusu kuja Ifakara kwa mwaka mmoja tu, Pentekoste hadi Pentekoste. Mwaka ukiisha picha hazijanilisha, narudi nyumbani kukaa kwenye kiti cha ukarani katika ghala la ushirika, kiti ambacho alikuwa ameshazungumza na wakubwa wakiweke. Sikuwa nasukumwa motoni. Kazi ile wenzangu waliililia. Lakini nilikuwa nimeshaonja kitu. Nilikuwa nimeona uso wa mtu ukijitokeza kwenye karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa, na baada ya hapo kila nilipokifikiria kiti kile nilichukua kamera yangu nikaifuta vumbi. Mwaka mzima niliishi nacho. Nilikula nacho na nilipiga picha nacho.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupima. Wapiga picha walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, kwa lori la mchele. Alikuja mmoja wa Michenga aliyekuwa mkulima siku za kawaida na mpiga picha siku za harusi. Alikuja yule wa Mang'ula mwenye lenzi isiyo yake. Mara mojamoja alikuja Shija kutoka Malinyi, kijana wa Kisukuma ambaye ndugu zake walikuwa wamehamia na ng'ombe, na yeye akaona afadhali kupiga picha minadani kuliko kuwachunga. Hawakuja mikono mitupu. Aliyekuja na samaki wa kitoga mbichi alikabidhi jikoni, aliyekuja na mchele alikabidhi jikoni, na mchana tulikula wote kwenye sinia moja huku wanaume wakibishana kuhusu nani alimpiga picha mkuu wa wilaya akiwa amefumba macho. Nimekula kwenye hoteli nzuri tangu wakati huo. Sijakula tena wali kama ule, uliokuwa na harufu ya dawa ya picha kwa mbali.

Chombo chenyewe kilikuwa gramafoni ya betri. Dada Benedikta alikata duara la karatasi nyeusi, ile inayofungia karatasi za picha, akachora juu yake mstari mmoja mweupe kutoka katikati hadi ukingoni. Duara hilo alilibandika katikati ya santuri, dogo kiasi cha kuacha nafasi ya sindano kupita pembeni. Kamera ilifungwa juu yake kwenye stuli iliyotobolewa. Halafu muziki unaanza, santuri inazunguka, na yeye anabonyeza: thelathini, kumi na tano, sitini. Kwa kuwa mstari ulikuwa unazunguka, kwenye filamu haukutoka mstari. Ulitoka kipande chenye ncha, kama kipande cha chapati iliyokatwa. Shata ikichelewa kujifunga, kipande kinanenepa. Ikiwahi, kinakonda. Filamu ikishakauka aliimulika kwa jua la dirishani hadi kipande kikawa kikubwa ukutani, akakipima kwa kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule. Kwa mwendo wa santuri ile, kipande cha thelathini kilitakiwa kuwa digrii sita na ushee. Kikizidi au kikipungua, alifungua tumbo la kamera akakaza au kulegeza springi kwa bisibisi ya fundi saa, huku akiiambia kamera maneno ambayo nisingependa paroko ayasikie.

Leo nikiwaeleza vijana wangu, wananiuliza gramafoni yenyewe ilipimwa na nini. Swali zuri. Ilipimwa na masikio yake. Wimbo aliotumia aliujua tangu usichana, kila gitaa linapoingia na kila mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Betri zikichoka, mwimbaji anazama, sauti inakuwa nzito, na Dada Benedikta anainua mkono: "Simama, huyu kashiba." Hapo betri zinatolewa, zinaanikwa juu ya bati kama dagaa, na jua likishazichemsha zinarudi kazini kwa muda. Dukani zilikuwa adimu miaka ile. Kila nyumba ilianika betri. Kwa hiyo muziki haukuwa starehe, au haukuwa starehe peke yake. Ndio uliokuwa mlinzi wa kazi nzima. Jirani yetu Mzee Kanuti, mstaafu wa reli, hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi wimbo uleule unapigwa mpaka anataka kuhama mji. Alikuwa na redio kubwa aliyoifunika kitambaa cha kushona mkono, na alipenda kusikiliza matangazo ya vifo kwa utulivu. Zaidi ya mara moja tulimsikia nyuma ya ua akimwambia mkewe, "Mwanamke yule ataniua, na siku nikitangazwa sitasikia kwa sababu ya magitaa."

Mwaka ule tulipata habari kubwa: Askofu angekuja kutoa Kipaimara, wiki mbili baada ya Pasaka. Hakuwa amekuja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo watoto waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi, na kila mzazi alitaka picha moja tu: kidole gumba cha Askofu kikigusa paji la uso la mwanawe. Kila mpiga picha wa bonde aliiwinda siku hiyo. Kwangu ilikuwa zaidi. Pentekoste ilikuwa inakaribia na nilikuwa bado naishi kwa picha za vitambulisho. Nikifanya vizuri siku ile, jina langu lingeingia majumbani, nami ningekuwa na la kumwambia baba. Nikiharibu, kiti kinanisubiri. Paroko akaongeza ugumu: alikataza mwanga wa flashi kanisani, maana safari iliyopita watoto walipakwa mafuta matakatifu machoni kwa kushtuka. Bila flashi, ndani ya kanisa lile lenye madirisha madogo, ilibidi kupiga kwa thelathini, mkono umekaza, pumzi umezibana. Thelathini ya kweli ingeusimamisha mkono wa Askofu. Thelathini ya uongo ingeupaka paji zima kama ukungu.

Basi wote wakaleta kamera zipimwe mapema. Ikawa Kwaresima. Na Dada Benedikta, mwenye mdomo ule wote, kwa Kwaresima hakuwa na mchezo. Jumatano ya Majivu aliichomoa sindano ya gramafoni, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuiweka ndani ya kopo la majani ya chai hadi Pasaka. Nyumba yake haikupiga dansi siku za mateso ya Bwana. Tulikula mboga za maboga na ugali, Ijumaa hata chumvi aliihesabia kuwa anasa, na kamera zilipimwa vilevile kama kawaida isipokuwa santuri ilizunguka bila kuimba. Mimi mwenyewe naikumbuka ile sauti ya shata katika ukimya, cha, cha, na Mzee Kanuti aliyepita uani siku moja akasema kwa furaha, "Laiti Kwaresima ingekuwa ya mwaka mzima." Kamera zote, ya Shija, ya Michenga, ya Mang'ula, yangu na yake, zilitoa vipande vyembamba. Shata zilikuwa zinawahi, alisema. Akalegeza springi moja baada ya nyingine, na akajisifu kwamba mwaka huu hata ugonjwa wa kamera ameuelewa mapema.

Jumapili ya Pasaka ndiyo ninayoiona vizuri kuliko siku zote za mwaka ule. Bata alikuwa amechinjwa, pilau imefunuliwa, binti yake ana gauni jipya linalomwasha shingoni. Kabla ya kukaa mezani Dada Benedikta alilileta kopo la majani ya chai kama mtu anayebeba sakramenti, akairudisha sindano mahali pake, akaiweka santuri na kutuambia, "Haya, Bwana kafufuka." Sindano ikashuka. Ikatoka sauti ya mzee. Magitaa yalikuwa yanatembea kama watu waliochoka shamba, na mwimbaji, kijana wetu mwenye sauti ya juu, aliimba kama anatokea ndani ya kisima. Mtoto aliangua kicheko. Mimi nikacheka. Ng'ambo ya ua Mzee Kanuti akapaza sauti, "Jirani, msanii wenu kaamka na mafua leo?" Dada Benedikta hakucheka. Alisimama na upawa mkononi, akiitazama santuri inavyozunguka, na nikaona rangi inamtoka usoni.

"Ilikuwa hivi hivi," alisema.

"Nini, dada?"

"Kwaresima nzima. Ilikuwa inazunguka hivi hivi, polepole, na sikuisikia kwa sababu nilikuwa nimeinyamazisha mwenyewe." Aliweka upawa mezani. "Santuri ikienda polepole, mstari hauendi mbali. Kipande kinakuwa chembamba. Nami nikasema shata inawahi. Haikuwahi, Hilaria! Zilikuwa nzima. Kamera tano, zote zinakosea upande mmoja, na mimi sijiulizi? Nilikuwa na macho ya nini?"

Nilielewa polepole, na nilipoelewa nikaisukuma sahani. Alikuwa amezilegeza zote. Kamera yangu ilikuwa inachelewa, thelathini yangu ilikuwa ya uongo, na Askofu alikuwa anakuja. Jambo la kwanza lililonijia, nalisema lilivyo, lilikuwa kile kiti. Nilikiona na mto wake. Nilitaka kumlaumu, ila sikuwahi kumwona mtu akiwa mkali kwa nafsi yake namna ile, nikaacha.

Sasa nizungumzie kwa nini nampenda mwanamke huyu. Angeweza kunyamaza. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na najua: filamu husamehe mengi. Nje juani, kosa kama lile lisingeonekana. Ndani ya kanisa picha zingetoka na ukungu, na kila mpiga picha angelaumu mkono wake, au giza, au Askofu mwenye haraka. Hakuna hata mmoja ambaye angeifikiria gramafoni. Jina lake lingebaki juu palepale alipoliweka, na yeye alilipenda jina lake kuliko watu wengi wanavyopenda nyumba zao. Hakumaliza hata sahani yake. Alinituma mimi Michenga na Mang'ula nikazichukue kamera za kule, na akanikataza kuzunguka mbuyu: "Waambie Benedikta kakosea. Usiseme gramafoni imekosea. Gramafoni haina akili." Yeye mwenyewe alikwenda Malinyi kwa Shija, na ilikuwa masika. Yeyote anayejua masika ya Kilombero anajua maana ya sentensi hiyo. Alivuka mto kwa kivuko, akapanda lori, lori likazama kwenye tope, akashuka na kutembea. Aliporudi siku kadhaa baadaye alikuwa na tope hadi magotini, viatu mkononi, kamera ya Shija imefungwa kwenye nailoni kifuani. Nikamuuliza Malinyi kukoje. "Kuna maji," akasema, akaenda kuoga.

Yule wa Mang'ula, kamera alinipa na kicheko juu, akasema ameisubiri siku hii tangu azaliwe. Niliporudisha maneno hayo nyumbani Dada Benedikta aliyapokea bila kujibu, jambo lililonitisha zaidi ya matusi. Lakini aibu kubwa ilikuwa bado. Tulihitaji betri mpya, na dukani hazikuwepo. Mji mzima ulijua nani anazo: Mzee Kanuti, ambaye rafiki zake wa reli walimletea kutoka Dar. Nilikuwa jikoni nilipomsikia Dada akibisha ng'ambo ya ua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kwa miguu, si kwa magitaa?"

"Nimekuja kuomba betri za redio yako."

"Betri zangu. Ili unipigie ule wimbo."

"Ili niupige wimbo ule, ndiyo. Mzee, nimekosea kazi za watu." Na akamweleza yote, kuanzia sindano kwenye kopo hadi kidole cha Askofu, hakupunguza kitu wala hakujitetea. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikuwa nimemsikia mwanamke yule akisali, akitukana, akijisifu na akimbembeleza mtoto, ila sauti ile ilikuwa ngeni kwangu, tambarare kabisa, kama ya mtu anayesoma jina la marehemu.

"Kwa hiyo ule wimbo," Mzee Kanuti alisema mwishoni, "siku zote ulikuwa unafanya kazi?"

"Siku zote."

"Si ungeniambia, mwanangu! Mimi nimeendesha mitambo. Nilidhani ni uhuni."

Alizileta betri mwenyewe, ameziweka ndani ya soksi, na akatoa sharti moja, kwamba akae aone. Alikaa. Siku nzima mtu aliyeuchukia wimbo ule alikaa kwenye stuli ya wateja, mgongo umenyooka, akiusikiliza ukirudiwa tena na tena huku shata zikilia juu yake. Alasiri, tulipokuwa tumemaliza kamera ya Shija, ya Michenga, ya Mang'ula na yangu, akainua kidole kabla hata ya Dada Benedikta. "Simama. Ameanza kuzama." Mimi sikusikia tofauti. Dada aliinamisha sikio, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali na kuinua sindano. Ilibaki kamera moja, ya kwake. Nikamwambia tuipime hivyohivyo, ni tofauti ndogo, nani atajua. "Hivyohivyo ndiyo ilinifikisha hapa," akasema, akaifungia kamera yake kwenye mkoba.

Paroko aliruhusu mpiga picha mmoja tu kusimama ndani karibu na altare, na nafasi hiyo ilikuwa ya Dada Benedikta tangu kanisa lipakwe rangi ya kwanza. Asubuhi ya Kipaimara alimwambia paroko kwamba kamera yake haiaminiki leo, atasimama Hilaria. Hakuniuliza. Yeye alibaki nje kwenye jua kali, ambako kosa la kamera yake halikuwa na madhara, akipanga familia kwenye ngazi na kuwafokea kina baba wasimamishe videvu. Mimi nilisimama pale mbele, naona jasho kwenye ndevu za Askofu, na kila alipoinua kidole gumba nilizibana pumzi. Nilikiona kile kiti kila nilipobonyeza. Mikono yangu haijawahi kutulia namna ile, kabla wala baadaye.

Picha zilitoka. Kwenye beseni la dawa paji la kwanza lilijitokeza, kidole kikajitokeza juu yake, na kwenye ukucha wa Askofu ungeweza kuona mstari. Kuna moja ambayo watu wa Ifakara bado wanayo ukutani, ya msichana aliyefumba jicho moja na kuchungulia kwa lingine. Wazazi walikuja. Walikuja kutoka parokia nzima, wengine wakiwa hawana mtoto wa Kipaimara, wanataka tu kupigwa picha na yule dada mdogo wa altareni. Yule wa Mang'ula naye alikuja, picha zake za kutoka viti vya mbele zikiwa zimetoka vizuri, akarudisha lenzi bila kuombwa. Pentekoste ilipofika baba alikuja kwa lori, akala, akaziangalia picha zote bila neno, akasema, "Haya, kaa," akarudi Malinyi. Maneno mawili. Niliyahesabu kuwa medali, na kwa miaka yote hii nimewaambia vijana wangu kwamba mimi maisha yangu niliyashinda siku moja, kanisani, kwa sehemu ya thelathini ya sekunde.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayakumbusha kibarazani kule Mang'ula, nikimsifia Dada Benedikta uso kwa uso kama ambavyo sikuwahi kuthubutu nikiwa msichana. Alifurahia sifa zake, hakukataa hata moja. Binti yake alituletea chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Simulizi ilipofika kwa baba na lile "haya, kaa", alianza kucheka hadi chai ikamwagika kwenye kanga.

"Baba yako alikuwa muigizaji, mwenzangu," alisema. "Na nyumba yake ilivuja."

"Nyumba ya baba? Uliiona wapi?"

"Si nilikwenda Malinyi kumfuata Shija. Nikapita kwa baba yako. Nilikwenda kumwambia kwamba ukiharibu picha za Askofu, kosa ni langu, asikuhesabie, akuongezee mwaka." Alifuta kanga kwa kiganja, polepole. "Akaniambia hakuna cha kuongeza. Kile kiti kilishapata mtu tangu Krismasi. Alimpa binamu yako. Aliona barua zako, akaona hutarudi, akakiachia."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita na nikaisubiri ipite, ingawa haikuwa na haja. "Mlijua," nikasema. "Mlijua wote wawili kabla ya Kipaimara, na mkaniacha nikasimama pale mbele nikitetemeka roho."

"Mkono haukutetemeka. Nilikuwa nachungulia mlangoni. Baba yako ndiye aliyesema nisikwambie, na mimi nikamuunga mkono. Alinipa na mchele."

Nilikasirika, kweli kabisa, mwanamke mwenye wajukuu amekasirikia jambo la usichana wake. Halafu nikamfikiria baba, mtu asiyewahi kuisifia picha yangu hata moja, akiiacha ile nafasi aliyoiombea kwa wakubwa, akakaa na siri hiyo moyoni tangu Krismasi hadi Pentekoste, akapanda lori, akala chakula chetu, na kusema maneno mawili kwa uso mkavu. Nikamfikiria na huyu, anatembea kwenye maji ya Malinyi kuniombea mwaka, anarudi na kuniambia kuna maji. Nikalia hapohapo, sikuona sababu ya kujificha kwa mtu asiyeona vizuri. Nikamwambia kwamba wangenihurumia wakaniambia, ningelala usingizi mzuri siku zile.

Dada Benedikta alilifikiria hilo huku akimenya muhogo.

"Wapiga picha waliolala vizuri," alisema, "Ifakara walikuwa wengi tu."